Dirisha la Jikoni, Jumanne na Alhamisi

Watu wakisikia kwamba mimi ndiye niliyeanzisha masomo ya jioni katika ukumbi wa kanisa letu hapa Māngere, ughaibuni, hudhani nina elimu. Sina. Nilichokuwa nacho ni funguo za jiko la kanisa, sufuria mbili kubwa na hasira. Hasira yenyewe ilitokana na mtoto mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa akikaa kituo cha basi tangu shule inapofungwa saa tisa hadi mama yake anapotoka zamu saa kumi na mbili, akipiga kopo teke. Nikamwambia njoo ule. Kesho yake akaja na wenzake wanne. Wiki ya tatu nikawaambia, mkishakula fungueni madaftari, jiko langu si mkahawa. Hiyo ndiyo historia yote, na ukikuta mtu anaisimulia kwa urefu zaidi, jua anaomba ufadhili.

Sasa ni mwaka wa saba. Kila Jumanne na Alhamisi watoto arobaini wa darasa la saba na la nane wanaingia ukumbini na mabegi yao, na vijana wa chuo kikuu wanakuja kukaa nao, kila mmoja na mtoto wake au wawili. Tunawaita walezi. Mimi nabaki jikoni nikikaanga keke, yale maandazi yetu ya mviringo, maana mtoto mwenye njaa hata ukimpa jibu atalitafuna. Orodha ya nani akae na nani inapangwa na Mwalimu Rosalind, mzungu mstaafu mwenye kalamu za rangi nane, ambaye nampenda, na ambaye mwaka huu nusura anitie wazimu.

Ilikuwa Jumanne ya kwanza ya Agosti, mvua inanyesha kwa upande. Nilikuwa najaza sinia la kwanza niliposikia ukumbi umenyamaza upande mmoja. Nikachungulia kwenye dirisha la kupakulia, lile tundu kubwa la ukutani tunalopitishia sahani. Meza namba sita haikuwa na mtu. Juu yake kulikuwa na madaftari mawili yaliyofunguliwa na penseli moja imeanguka chini. Nje, kwenye maegesho, Uaisele, mtoto wa kaka yangu Penisimani, kijana wa miaka ishirini, alikuwa amesimama mvuani anatazama matairi ya magari kama mtu anayetaka kuyanunua. Dada yake Makelesi, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa amejifungia chooni.

Mwalimu Rosalind akaja jikoni, karatasi mkononi, uso umemshuka.

"Fusi, nina swali gumu," alisema kwa sauti ya chini. "Uaisele anampiga mdogo wake?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeona. Niliwaweka pamoja kwa sababu ni ndugu, nikadhani watafurahi. Binti alipoona anayekuja kukaa ni kaka yake, akainuka akakimbia. Hakumtazama hata usoni. Na yeye vilevile akatoka. Kuna fomu inabidi niijaze."

"Weka fomu yako chini ule keke."

"Fusi."

"Hampigi," nikamwambia. "Anamheshimu. Ndiyo maana wamekimbia."

Nilimweleza huku nikigeuza keke kwenye mafuta. Kwetu Watonga, watu wa visiwani, kaka na dada wakishaanza kupevuka hutenganishwa. Hawalali chini ya paa moja ikiwezekana, hawakai sebule moja kutazama televisheni, hawataniani, na kaka hamkosoi dada yake hata siku moja, kwa sababu dada ndiye mkubwa, hata kama kazaliwa nyuma yake miaka minane. Anayeingia anamkuta mwenzake, mmoja anatoka. Kuwaweka meza moja uso kwa uso ni kama kumvua mtu nguo sokoni.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka mmoja amzike mwenzake."

"Hata wewe na Penisimani?"

"Hata mimi na Penisimani."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ni kitu nisichokitaka jikoni kwangu. Nikamwambia mwacha asili ni mtumwa, na kwamba kaka yangu hajawahi kunijibu vibaya tangu nilipokuwa na miaka kumi, na je, yeye wa kwake? Akasema wa kwake yuko Christchurch na hupeana kadi wakati wa Krismasi. Nikamwambia, basi, angalia mwenyewe nani wa kuhurumiwa. Akachukua keke ya pili akaenda kufuta orodha yake.

Nilienda kugonga mlango wa choo.

"Toka, kuna watu wanataka kujisaidia."

"Ameondoka?"

"Yuko nje anahesabu magurudumu. Toka."

Makelesi akatoka, macho mekundu. Nikamkalisha juu ya debe la unga jikoni, nikampa keke mbili. Aliimaliza ya kwanza.

"Ungeniambia mapema kwamba Uaisele amejiandikisha kuwa mlezi," nikasema. "Ningemtahadharisha Rosalind."

"Nilijua amejiandikisha."

"Ulijua?"

"Ndo maana na mimi nikajiandikisha."

Nikaweka mwiko chini.

"Nilidhani watanipa mlezi mwingine," akasema. "Mimi nikae pembe hii, yeye akae pembe ile. Nimsikie tu anavyofundisha. Nyumbani simsikii tena, Shangazi. Nikiingia anatoka. Amehamia gereji. Nasikia mlango wa gereji ukifunguka, nasikia ukifungwa, basi."

Ningemwambia kwamba atazoea, ningekuwa mwongo. Hawa wawili walikuwa chanda na pete. Uaisele ndiye aliyemfundisha kuzidisha, akimbeba mgongoni, kila hatua moja jibu moja, toka nyumbani mpaka dukani na kurudi. Alimwita Kiroboto kwa sababu alikuwa hatulii. Mwaka jana mama yao alipomwona binti ameanza kukua, alimwambia Uaisele ahamishe godoro, na Uaisele akahamisha siku hiyohiyo kama kijana aliyelelewa vizuri. Tangu hapo alama za hesabu za Makelesi zilikuwa zinateremka kama maji ya mfereji. Mwalimu wake wa shule aliandika kwenye ripoti kwamba hajitahidi. Na mwisho wa Oktoba alikuwa na mtihani wa kuingia shule moja ya wasichana ng'ambo ya jiji, shule nzuri, wanachukua watoto sita tu wa kusomeshwa bure kutoka upande wetu.

"Unataka nini hasa?" nikamwuliza. "Mtihani au kaka yako?"

"Vyote," akasema. Halafu akawaza. "Kaka yangu."

Sasa niseme la kwangu, kwa sababu bila hilo hutaelewa ujinga nilioufanya baadaye. Penisimani ni mkubwa kwangu kwa miaka miwili. Tulikulia kisiwa cha Foa, na yeye ndiye aliyenifundisha kusoma saa, kuogelea kinyumenyume, na kupiga mluzi, jambo ambalo wasichana hawafanyi. Nilipotimiza miaka kumi wakampeleka kulala nyumba ya wavulana. Ni miaka arobaini na minne sasa. Anakaa umbali wa dakika kumi kutoka kwangu. Akichinja nguruwe, sehemu ya kwanza inaletwa mlangoni kwangu. Wanawe hawaoi wala hawazikwi bila mimi kukaa mbele. Na sijui anachokiogopa, sijui kama magoti yanamuuma, sijui kitu kinachomchekesha. Heshima yake ninayo yote. Yeye mwenyewe sina. Nimemkumbuka kila siku, na Jumapili namwona mgongo, safu ya tatu, upande wa wanaume.

Kwa hiyo nilipomtazama yule mtoto juu ya debe la unga, sikumwona yeye peke yake.

Alhamisi yake nilipanga mambo. Dirisha la kupakulia lina pazia la mbao linaloshuka kwa kamba. Nililishusha mpaka ikabaki nafasi ya kupitisha sahani, sauti inapita, uso haupiti. Upande wa ukumbini, chini ya dirisha, niliweka meza ya Uaisele pamoja na mtoto wake mpya, Sefina, binti wa Kisamoa anayesoma darasa moja na Makelesi, mwenye mdomo usiolala. Upande wa jikoni niliweka kigoda, ubao wa kukatia mboga uwe meza, na Makelesi juu ya kigoda. Hakuna aliyekaa na mwenzake. Hakuna aliyesema na mwenzake. Uaisele alikuwa anamfundisha Sefina, na kama mtu jikoni anasikia, jiko ni la kanisa.

"Soma swali," Uaisele akamwambia Sefina.

"Bomba linajaza tanki kwa saa tatu. Tanki lina tundu, na likijaa, tundu hilo linamaliza maji yote kwa saa tano. Bomba likifunguliwa na tundu halijazibwa, tanki litajaa kwa saa ngapi?"

"Usihesabu kwanza. Nipe hadithi yake."

"Maji yanaingia, maji yanatoka. Mwenye tanki ni mzembe, aite fundi."

"Sawa, fundi hayupo. Na mtu wa jikoni anasemaje?"

Sefina akainama kwenye nafasi ya dirisha. "Mtu wa jikoni, unaulizwa."

Nilimwona Makelesi amekaza penseli mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Hakujibu. Nikadhani mpango wangu umekufa kabla haujatambaa. Kisha akaandika mstari, akafuta, akaandika tena.

"Mwambie saa saba na nusu," akasema, kama anayezungumza na ubao.

"Anasema saa saba na nusu."

"Mwambie Kiroboto amepata," Uaisele akasema, "ila karuka hatua mbili, kama kawaida yake."

Makelesi alicheka. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili na bado kicheko kikatoka. Kaka hamtanii dada yake, na dada akisikia hatakiwi kucheka. Hilo ni kosa, na mwenye cheo cha kulikemea ni mimi, kwa kuwa kwetu shangazi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa kaka yake. Hata baba yao hanipiti. Nikafungua bomba la sinki mpaka mwisho ili nisisikie, nikaosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Nilizisafisha sahani hizo kwa wiki kumi na tano.

Mambo yalivyokuwa yakienda pale dirishani, nikueleze, sijawahi kuyaona mahali pengine. Uaisele hakumkosea Sefina. Alimfundisha hasa, na alama za Sefina zikapanda mpaka mama yake akaniletea kuku. Lakini kila swali lilikuwa na mkia. Mwulize mtu wa jikoni, asilimia ishirini ya huruma ni ngapi. Mwambie mtu wa jikoni anakimbilia jibu kama anaachwa na ndege. Na Makelesi naye akawa anarudisha: mwambie mwalimu wako mwandiko wake ni kama kuku kapita na miguu ya matope. Sefina akipeleka na kurudisha, akiongeza chumvi njiani.

"Anasema wewe ni kiazi."

"Hakusema hivyo," Makelesi anajibu.

"Anataka kusema, anaona aibu."

Siku moja mwezi wa Septemba Penisimani alileta gunia la magimbi mlango wa nyuma wa jiko. Aliponikuta peke yangu na binti yake hakuingia. Aliliweka gunia kizingitini, akavua kofia. Wakati huohuo sauti ya mwanawe ikapita dirishani ikisema Kiroboto leo kalala, mwamsheni. Nilikuwa mbali na bomba. Penisimani aliinamisha kichwa akabaki ameshika gunia ambalo tayari lilikuwa limekaa chini, muda mrefu kuliko gunia linavyohitaji.

"Wanasoma?" akaniuliza.

"Wanasoma."

"Vizuri," akasema, akavaa kofia akaenda zake. Mwezi ule hatukuzungumza zaidi ya hapo. Nilisimama mlangoni nikamwangalia mpaka gari lake likakata kona.

Makelesi alifanya mtihani Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Katikati ya Novemba barua ikaja: yumo kati ya sita. Nilikaanga keke mara mbili ya kawaida, Mwalimu Rosalind akalia na kuzichafua kalamu zake, na Sefina akatangaza kwamba kazi yote kaifanya yeye, kwa sababu bila mjumbe hakuna ujumbe. Uaisele, kule ukumbini, aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole mara moja. Makelesi akagonga mara moja kutoka kwetu.

Lakini barua hazitembei peke yazo. Wiki hiyohiyo Uaisele naye alipata yake. Alikuwa amemaliza chuo, na kampuni moja ya Perth ilimtaka kwenye migodi, miaka miwili kwa kuanzia. Tunajua wote hiyo "kwa kuanzia" maana yake nini. Vijana wetu wakishavuka kwenda Australia hurudi kwenye misiba. Ndege ilikuwa Jumamosi. Kilibaki kipindi kimoja, cha Alhamisi.

Jumanne ile, tunafuta meza, Makelesi alinijia akasimama karibu yangu bila kushika kitambaa.

"Shangazi, wewe ukisema neno, Baba anaweza kukataa?"

"Hawezi."

"Na Uaisele?"

"Uaisele ndo kabisa. Unataka nini?"

"Nataka tukae naye meza moja. Alhamisi. Saa moja tu, kama watu." Alisema haraka, kama aliyekuwa amekariri. "Wewe si ndo unaweza kuruhusu. Nimefaulu. Sitaomba kitu kingine, hata Krismasi."

Nilimwambia nitafikiri. Siku mbili, kuanzia alfajiri, nikipanga trei za chakula cha ndege pale kazini kwangu karibu na uwanja, nilifikiri. Nilipaswa kumfikiria yeye. Nilijifikiria mimi. Niliona Foa, niliona shangazi yetu mzee ambaye Mungu amrehemu, mkali kama pilipili, na nikajiuliza ingekuwaje kama angesimama siku moja mlangoni akasema, Fusi, Penisimani, kaeni hapa, saa moja, nimesema mimi. Ningempa nini mwanamke yule? Ningempa macho yangu. Na sasa cheo kile kilikuwa kwangu, na mtoto alikuwa ananiomba kitu ambacho mimi nilikitamani miaka arobaini na minne, na hakinigharimu ila ulimi.

Nikampigia simu mke wa Penisimani. Nikamsikia akimweleza, kisha akarudi kwenye simu. "Anasema kama dada amesema, imesemwa."

Alhamisi niliandaa meza namba sita kwa mikono yangu. Nilitandika kitambaa cheupe, nikaweka keke na jagi la 'otai, tikiti maji na nazi na barafu. Nilipandisha pazia la mbao mpaka juu. Sefina alinikuta nahamisha kiti chake.

"Na mimi nakaa wapi?"

"Popote. Mbali."

"Sasa nani atamwambia kinachosemwa?"

"Wataambiana wenyewe."

Aliniangalia kama ninayesema Kichina, akachukua begi lake.

Uaisele aliingia saa kumi kamili, na hapo moyo wangu ukashtuka kidogo, ila sikuusikiliza. Siku zote huja na kaptura na ndala. Siku hiyo alikuwa amevaa shati jeupe na amejifunga mkeka wa kiunoni, ta'ovala, ule tunaovaa kanisani na msibani, kwa sababu ameitwa na shangazi yake kukaa mbele ya dada yake. Viatu vilikuwa vimepigwa rangi. Makelesi naye alikuwa amesukwa nywele na mafuta yanang'aa. Wakakaa. Yeye akatazama kitambaa, dada yake akatazama jagi.

"Dada, habari za masomo," Uaisele akasema. Lugha aliyoitumia ilikuwa ile ya juu, tunayowaambia wachungaji.

"Nzuri. Asante."

"Hongera kwa kufaulu."

"Asante."

Nilikuwa nimesimama dirishani nimeshika kitambaa cha vyombo. Walimimina 'otai. Walikunywa. Dakika kumi zikapita, mtoto wa meza ya tatu akaanguka na kiti, watu wote wakacheka, wao hawakugeuka. Mwisho Uaisele, nadhani kwa kukosa la kufanya, alichukua penseli akaandika swali, akaligeuza daftari taratibu kwa ncha za vidole, akamsogezea. Makelesi akainama. Alihesabu muda mrefu, akaandika jibu, akamrudishia. Uaisele akalisoma. Nikamwona taya limekaza. Kisha akainamisha kichwa.

"Asante, dada," akasema.

Akaandika jingine. Ikawa hivyohivyo. Asante, dada. Na jingine.

Ningeweza kufanya kitu. Ningeweza kushusha pazia, kumwita Sefina, kumrudisha mtoto kwenye kigoda chake. Bado kulikuwa na nusu saa, na nusu saa kwa hao wawili ilitosha kutaniana mpaka mbavu ziwaume. Sikufanya. Nilikuwa nimeshasema, ukoo mzima umesikia kwamba nimesema, na neno la shangazi halirudi nyuma. Nilisimama na kitambaa changu nikijiambia wape muda, wataanza, wanaona haya tu. Nilisema hivyo mpaka saa kumi na moja ilipogonga na wanakwaya wakaanza kuingia na kukunja meza.

Uaisele aliinuka. Alikuja dirishani, akaniinamia, akanishukuru kwa heshima niliyompa, maneno mazuri, yamenyooka. Macho yake yalikuwa yamejaa. Aligeuka kuelekea mezani, akainama tena kule, chini zaidi, akatoka kwa mlango mkubwa. Gari la baba yake lilikuwa linangoja.

Makelesi aliingia jikoni na daftari. Aliliweka juu ya ubao wa kukatia mboga, mbele yangu, akaonyesha kwa kidole.

"Hii nimekosea," akasema. "Na hii. Na hii nimeikosea makusudi."

Niliangalia. Mimi si mtu wa hesabu, lakini mambo ya theluthi na robo nilikuwa nimeyasikia wiki kumi na tano, hata mimi niliona.

"Aliona, Shangazi. Hakusema kitu. Nilikosea makusudi ili aseme kitu."

"Hawezi kukukosoa usoni, mwanangu. Unajua."

"Najua sasa." Alilifunga daftari. Hakulia, na ningefurahi kama angelia. "Jumanne ndiyo ilikuwa ya mwisho kumsikia, na mimi sikujua. Nilikuwa nafuta meza."

Ukumbini kwaya ilianza kutafuta sauti, wanaume kwanza, wanawake baadaye. Nilitaka kumwambia kwamba nilimpa kitu kizuri kuliko vyote nilivyovijua, na kwamba hata mimi sikujua. Badala yake nilimshika bega.

"Uliniomba mwenyewe," nikasema.

"Mimi nina miaka kumi na miwili," Makelesi akasema. "Ungenikataza."

Nilichukua ufunguo, nikazima jiko, nikampakia keke zilizobaki za kupeleka nyumbani, kwa baba yake.